Moshi umerudi baada ya kubadilisha ringi: pima silinda kabla hujanunua injini

Assalaam alaykum ndugu yangu. Nimeisoma hali yako: pikipiki ya 125 ya Kichina, injini ya pushirodi (valvu zinasukumwa na vijiti virefu kutoka chini), ilianza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Fundi akakutilia ringi mpya, zile pete za kuzunguka pistoni, bila ya kugusa chengine, mwezi haukwisha moshi ukarudi, na sasa unaambiwa ununue injini nzima. Mimi nasema usinunue, si kwa sasa. Kazi yangu ni ualimu wa skuli hapa Wete, Pemba, gereji sina, lakini injini za aina hii nimekuwa nikizifungua uani kwangu kwa miaka mingi, zangu na za jamaa. Hicho kilichokupata wewe nimekiona kwa wengi. Ringi mpya haziponyeshi silinda iliyolika. Kwanza silinda ipimwe, kisha namba ndizo ziamue pesa iende wapi.

Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu huko moto ni mkali, msukumo ni mkubwa na oili inafika kwa shida. Halafu inalika zaidi upande wa kabureta na upande wa ekzosti, maana huko ndiko pistoni inakoegemea inapopanda na kushuka. Ikishakuwa hivyo, tundu halina tena mduara wa kweli: juu limepanuka, chini limebaki saizi yake, na umbo limekuwa kama la yai. Ukitia ringi mpya humo inagusa sehemu moja na kuacha nyengine, oili inapanda, gesi inashuka. Kwa siku chache utaona nafuu, kisha utarudi pale pale.

Kabla ya kushika spana, utazame huo moshi unatoka wakati gani. Ukitoka mfululizo kila unapovuta resi au unapopanda mlima na mzigo, hapo ni ringi na silinda. Ukitoka kwa mkupuo asubuhi unapowasha kisha ukakatika, au ukishuka mteremko resi umeiachia na ukivuta tena chini ukatoka wingu, shuku sili za valvu na njia za valvu, ambazo ziko kwenye hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda kwa juu. Moshi mweusi ni petroli imezidi, silinda haina kosa. Na utizame kiwango cha oili pia. Iliyojazwa kupita kiasi hutoa moshi hata kwenye injini isiyo na kosa. Kwa hizi kama yako, zilizoigwa Honda CG, kijiti cha kupimia oili kinachomekwa tu bila ya kufungwa nati yake. Ukikifunga kinazama zaidi, utadhani oili inatosha kumbe imepungua.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo. Injini ikiwa na joto, izime, fungua resi mpaka mwisho na ukandamize kiki kwa mkono, polepole, usikie inakataa kwa nguvu kiasi gani. Kisha toa plagi, mimina kijiko cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, zungusha kidogo ienee, rudisha plagi ukandamize tena. Kiki ikiwa nzito waziwazi kuliko mwanzo, oili imeziba nafasi kati ya ringi na silinda, na tatizo ndilo hilo. Ikibaki laini vile vile, upepo unapotea kwenye valvu au gasketi ya hedi. Mwenye geji ya kompresheni afanye hivyo hivyo aone namba zinapanda kiasi gani.

Sasa tuifungue. Injini yako ya pushirodi ina wepesi wake: juu hakuna taimingi cheni, ule mnyororo wa kuendesha valvu. Hedi na silinda zinatoka na injini ikiwa bado imefungwa kwenye fremu. Wenzetu wa injini za cheni, kama Boxer, wanalazimika kuweka alama ya T (ya pistoni kufika juu kabisa) mahali pake na kuifunga cheni kwa waya isitumbukie chini. Safisha nje kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, maana mchanga wote ulioganda kwenye mapezi unangoja kuangukia ndani. Silinda ikianza kunyanyuka, jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa kirenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) kabla ya kugusa klipu za pini ya pistoni. Klipu ikirukia mle chini, utaipasua injini nzima kwa ajili ya kiwaya.

Silinda ikishatoka, shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kirenki, uivute juu na uisukume chini. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida. Juu na chini isicheze hata chembe. Ikicheza, beringi ya kirenki imekufa, na hapo ndipo maneno ya kununua injini yanaanza kuwa na hesabu.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini, kwa sababu mafundi wengi hupima kwa kidole. Wanapitisha ukucha juu ya silinda, wakikuta kingo wanasema imelika, wasipokuta wanasema nzima. Ukucha ni mwanzo tu. Nunua au uazime fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Chukua ringi ya kwanza mpya, ya saizi ile ile iliyoandikwa juu ya pistoni yako. Itie ndani ya silinda, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila ya kulala upande. Ipeleke kwanza chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki pistoni inapofanya kazi, upime mwanya wa ncha zake. Kisha ilete juu, chini kidogo ya ule ukingo, upime tena. Tofauti ya namba hizo mbili igawe kwa 3.14, na jibu ni kiasi ambacho kipenyo kimepanuka. Hii ni hesabu ya mzingo wa duara tuliyoisoma sote.

Kwa mfano, pikipiki ya shemeji yangu, iliyokuwa ikibeba magunia ya karafuu kutoka shamba msimu mzima, chini ilisoma milimita 0.30 na juu 0.75. Tofauti ni 0.45, gawa kwa 3.14, inakuja milimita 0.14. Honda CG125, ambayo injini hizi zimeigwa kwake, ina silinda ya milimita 56.5, na ikifika 56.6 imekwisha muda wake. Yaani ruhusa ni 0.10 tu. Kwa hiyo ile ya shemeji ilikuwa imeshapita, na hapakuwa na ringi duniani ambayo ingeisaidia.

Kipimo hicho hakioneshi umbo la yai. Kwa hilo, ringi ikiwa bado ndani, inyanyue silinda uitazame dhidi ya jua. Ukiona mstari wa mwanga kati ya mgongo wa ringi na ukuta, hapo ringi haigusi. Tizama pia michirizi ya wima, na madoa ya kutu. Sisi wa visiwani kutu tusiipuuze: pikipiki ikikaa miezi bila ya kuwashwa, valvu moja imebaki wazi, hewa ya chumvi inaingia na kuchora duara la kutu pale ringi zilipolala. Kutu ikishakula chuma, msasa hauirudishi.

Ukikuta iko ndani ya ruhusa, haina michirizi, na mwanga hauoneshi kitu, basi ringi mpya zinatosha, baada ya kukwaruza ukuta uliokuwa laini kama kioo ili ringi zipate pa kujisugulia. Ukikuta imepita, kuna njia mbili. Moja ni kuichongesha saizi kubwa zaidi: pistoni zinapatikana zilizozidi saizi ya kawaida kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ya pili ni silinda mpya pamoja na pistoni yake, na kwa hizi za Kichina mara nyengine bei haipishani sana na kuchonga. Ila silinda mpya ya dukani nayo ipime vile vile kabla hujalipa. Mimi nikipata fundi mzuri wa mashine napendelea kuchonga chuma cha zamani, kwa kuwa kimeshazoea moto. Silinda ya shemeji niliipaka oili, nikaifunga kwenye nailoni, ikaenda Unguja kwa boti ya Mkoani pamoja na pistoni ya 0.50. Pistoni lazima iende pia. Fundi asichonge kwanza ndipo utafute pistoni, kwa sababu anachonga kwa kuifuata pistoni iliyo mkononi mwake, aache nafasi kama milimita 0.03 hadi 0.04. Ikibana sana itakwama ikipata moto, ikilegea itagonga.

Ikirudi kutoka kwenye mashine, ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Watu wengi wanaisuuza kwa petroli na kuridhika. Petroli inaondoa mafuta lakini unga wa jiwe la kuchongea unabaki kwenye mistari iliyopishana inayoachwa na jiwe hilo ukutani. Sugua kwa brashi na sabuni ya kufulia, suuza, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka cha kijivu, rudia tena mpaka kitoke cheupe. Na usiiache ikauke yenyewe. Hapa kwetu, kabla hujamaliza kikombe cha chai, chuma kilichochongwa kinaanza kupiga rangi ya hudhurungi. Ipake oili hapo hapo.

Kufunga ni kurudi ulikotoka, kwa utulivu. Kwenye Honda na ndugu zake, maandishi ya IN juu ya pistoni yaelekee upande wa kabureta. Herufi zilizo kwenye ringi zitazame juu, na hili kwako ni muhimu, kwani ringi zilizogeuzwa nazo hupandisha oili. Mianya ya ringi itawanye, isipangane mstari mmoja. Klipu ziwe mpya, na gasketi pia. Uso wa hedi usugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene, uone kama kumepinda. Valvu zijaribu kwa kumimina petroli kwenye tundu zake; ikivuja, saga upya. Nati za hedi kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Tepeti, yaani nafasi ya valvu, weka milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa.

Siku za mwanzo usiiache ikinguruma tupu kwa muda mrefu, wala usiende mwendo mmoja. Vilima vyetu vya Pemba vinafaa sana: vuta kiasi kupanda, achia kushuka, msukumo ndio unaozilaza ringi kwenye ukuta. Mpaka kilomita 500 usiivute mwisho. Oili ya kwanza imwage mapema, kwani imebeba unga wa chuma. Nunua ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Lakini yote haya ni bure kama hujajua kwa nini silinda ililika. Fungua boksi la chujio la hewa. Naomba sana ufanye hivyo leo, kabla hujafungua nati nyengine yoyote. Mara nyingi nimekuta boksi tupu, sifongo limetolewa ili pikipiki ivute zaidi, au mpira unaounganisha boksi na kabureta umepasuka kwa chini pasipoonekana. Vumbi la barabara za mashamba likiingia humo na kukutana na oili linakuwa dawa ya kusagia, na linasaga ringi mpya kwa kasi ile ile lililosagia za zamani. Kwa ringi zilizokufa ndani ya mwezi, hapo ndipo ninapopashuku kwanza.

Ukishafungua, tuletee hapa mambo manne: mwanya wa ringi chini, mwanya wa juu, saizi iliyoandikwa kwenye pistoni, na konrodi kama inacheza. Weka na picha ya ndani ya silinda ukiwa juani. Nitakwambia kama ni ya kuchonga au ya kubadilisha, inshallah.