Panda, kaa, usishuke kwanza: maswali yenu kuhusu mabasi ya watalii

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu yale mabasi ya ghorofa yasiyo na paa: unakata tiketi moja, unashuka kituo unachotaka, unazurura, kisha unapanda jingine linalofuata. Msomaji mmoja ameyaita "panda-shuka", nami jina nimelipenda. Nimeyapanda London, Cape Town na Dubai. Mengine kwa raha, moja kwa majuto.

Nakwenda London siku nne mwezi wa tisa. Tiketi ya panda-shuka naiona inazidi paundi 30. Ni halali yake au ni kuwatajirisha tu? (Mikocheni, Dar es Salaam)

Inategemea utaitumiaje, ndugu yangu. Wengi wanaigeuza daladala. Wanapanda hotelini hadi Tower of London, ile ngome ya kale, wanashuka, wanasubiri, wanapanda hadi kanisa la St Paul's, wanashuka, wanasubiri tena. Sasa foleni ya katikati ya London unaijua? Ile ya Mwenge jioni ina ndugu yake kule. Na basi likifika juu kumejaa, unakaa chini unatazama migongo ya watu. Jioni ukihesabu, umeona vitu vitatu na vituo kumi.

Mimi naitumia hivi. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, napanda juu na kukaa mzunguko mzima bila kushuka hata mara moja. Ni saa mbili na zaidi kidogo. Hapo ndipo unauelewa mji: mto unapita wapi, Tower Bridge iko upande gani, na kwamba kutoka Trafalgar Square hadi Big Ben ni mwendo wa miguu wa dakika kumi na kitu, ukiteremka Whitehall. Ramani ya treni za chini ya ardhi haikwambii hilo. Utamwona mtu anashuka ngazi, anapanda treni, anabadili njia, kwa safari ambayo angeimaliza kwa miguu akila mahindi.

Baada ya mzunguko chagua mahali pawili, shuka huko mchana, basi. Siku ya pili tiketi hiyo huihitaji. Na Jumamosi iepuke ukiweza. Maandamano yakipita katikati ya mji barabara zinafungwa, basi linazungushwa, na unachokuja kukiona hukioni.

Je, mabasi mekundu ya kawaida hayawezi kufanya kazi hiyohiyo? (Morogoro)

Karibu yote. Panda namba 15 pale Trafalgar Square kuelekea mashariki: unapita Strand, Fleet Street, St Paul's, hadi Tower of London. Au namba 9 kuelekea magharibi: Hyde Park Corner, halafu Royal Albert Hall. Panda ghorofa ya juu, kaa kiti cha mbele kabisa penye kioo kikubwa. Mwaka 2025 nauli ilikuwa paundi 1.75, na ndani ya saa moja unabadili mabasi bila kulipa tena. Ukipanda siku nzima, makato yalikuwa yanasimama kwenye paundi 5.25. Mtoto chini ya miaka 11 halipi.

Ila usitoe noti. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, na kila mtu kadi yake. Ukimgusishia mkeo kwa kadi yako ileile, mahesabu yanaharibika. Hakuna konda wa kumbembeleza. Unachokosa ni maelezo, na upepo wa juu.

Mama yangu ana miaka 71, anakuja kwangu Reading kutoka Tanga kuona wajukuu. Nataka kumtembeza London kwa basi la wazi lakini magoti yanamsumbua. (Reading, Uingereza)

Mfikishie mama shikamoo yangu. Kikwazo ni ngazi, dada. Ni nyembamba, inajikunja, na dereva wengine wanaondoa gari abiria hajakaa. Mpandishe pale basi linapoanzia mzunguko, ambapo husimama kwa muda, apande taratibu wewe ukiwa nyuma yake. Akishakaa, asiteremke mpaka mwisho. Akikataa ngazi, chini nako kuna madirisha mazuri. Msimlazimishe kwa ajili ya picha.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi: basi halina choo. Mama wa miaka 71, chai ya asubuhi, saa mbili barabarani. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kuondoka. Mkibanwa karibu na Trafalgar Square, ingieni National Gallery: kiingilio bure, vyoo visafi, na akitaka kupumzika kuna mabenchi mbele ya picha. Mbebee sweta na kanga mbili, hata kama ni Julai. Ule upepo wa juu basi likishika kasi darajani si wa Tanga.

Tiketi ya basi inaniingiza na Tower of London? (Kisumu)

Hapana. Inakufikisha ukutani tu. Kuyaona mataji ya kifalme ndani unalipa kivyake, isipokuwa umenunua tiketi ya pamoja. British Museum hulipi, kwa basi lolote ulilokuja nalo.

Tiketi ya siku moja na ya saa 24, si kitu kimoja? (Arusha)

Nilidhani hivyo. Nilinunua ya siku moja saa kumi jioni nikiamini itanifikisha saa kumi ya kesho yake. Nikazunguka nusu mji, basi likatangaza ndilo la mwisho, likatushusha sote. Asubuhi nikarudi kituoni kifua mbele. Kijana akaipiga mashine tiketi yangu, mashine ikatoa ule mlio wa kukataa, akanionyesha maandishi madogo: ilikuwa ya tarehe ile tu. Nilikuwa nimelipa siku nzima kwa dakika hamsini.

Kwa hiyo soma: ni saa tangu upande mara ya kwanza, au ni tarehe? Kisha uliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi, maana mengi yanafunga mapema jioni. Na angalia jina la kampuni ubavuni. Zipo zaidi ya moja, mengi ni mekundu, na tiketi ya hii kwenye basi la ile ni karatasi tu.

Nafuata mzigo Dubai Julai, hoteli yangu iko Deira. Nitakuwa na Jumapili moja ya bure. Nichukue panda-shuka? (Kariakoo)

Usichukue, kaka. Julai joto linapita nyuzi 40. Ghorofa ya juu ni jiko. Utakaa chini kwenye kiyoyozi, na kiyoyozi metro wanacho kwa bei ya chini sana. Toka mapema, vuka Creek, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kwa abra. Nauli ya mashua hiyo ya kale ni dirhamu 1, na hakuna basi la utalii linalokupa dakika nzuri kama zile. Upande wa Bur Dubai tembea vichochoro vya Al Fahidi kabla jua halijakaza, kisha panda metro BurJuman, njia nyekundu, hadi kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Mnara una mita 828, shingo iandae. Angalia usiingie behewa la wanawake na watoto, na ndani usitafune hata bigijii. Faini ipo.

Mimi na mume wangu twaenda Cape Town Disemba. Twaambiwa basi jekundu lafika hadi Table Mountain. Tupange siku gani? (Mombasa)

Msipange siku, pangeni hali ya hewa. Basi linawafikisha kituo cha chini cha kebo, yaani gari linaloning'inia kwenye waya, ambayo inapandisha watu tangu 1929, na tiketi yake mnalipa kivyake. Kiangazi cha kule kina upepo wa kusini-mashariki. Ukizidi, kebo inasimamishwa, na wingu linaufunika mlima mithili ya kitambaa cha meza. Nimewaona watu wameshuka kwenye basi, wakasoma ubao uliosema imefungwa, wakabaki kupiga picha na ubao. Asubuhi ya kwanza mkiamka mlima uko wazi na miti imetulia, acheni chai, nendeni.

Siku ya upepo chukueni njia ya buluu inayopita bustani ya Kirstenbosch na Hout Bay, irudi kwa Camps Bay. Pale mchanga mweupe utawaita. Bibie, nyinyi wa Nyali, tieni kidole kwanza. Maji yale ni barafu.

Maelezo ndani ya basi yapo kwa Kiswahili? (Bukoba)

Bado sijakikuta, na nimebonyeza vitufe vyote. Beba hedifoni yako ya waya, yenye pini ya duara. Zile wanazogawa zinaumiza masikio, na zisizo na waya haziingii kwenye tundu la kiti.