Kitamini, digadi na kipilefti: mwanao hajakosea kama unavyodhani

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Mwanao anasema "kideo kimoja, video viwili", umkataze au umwache? Na mbona sisi watu wazima tunauita mzunguko wa barabarani "kipilefti", na wingi "vipilefti", bila wasiwasi, wakati neno lenyewe limetoka kwenye kibao cha barabarani kinachomwambia dereva kwa Kiingereza ashike kushoto, "keep left"? Nitajibu kwa kirefu, maana jambo hili nimekaa nalo nyumbani na kazini. Kazi yangu ni kusahihisha miswada.

Nianze na nyumbani. Binti yangu alipokuwa na miaka minne alikuwa akipewa tembe moja ya vitamini kila asubuhi. Siku moja alinijia amefumba ngumi, akaifungua polepole, tembe ya njano imelala katikati ya kiganja imeshaanza kulowa jasho. Akasema, "Baba, kitamini changu hiki hapa, sijakiangusha." Nikamwambia, "Ni vitamini, mama, siyo kitamini." Akaitazama chupa juu ya meza, akakitazama kiganja chake. "Vitamini ni vile vya kwenye chupa. Hiki ni kimoja."

Nilikosa la kumjibu. Sikiliza upatanisho wake: kitamini changu, hiki, sijakiangusha, kimoja. Hakuna sehemu aliyoteleza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno "kitamini", hajawahi kulisikia popote. Alilitengeneza mwenyewe kwa kanuni ambayo hakuna aliyekaa naye akamfundisha.

Na kanuni hiyo ndiyo iliyotupa kitabu. Kwa Kiarabu ni "kitab", na wingi wake ni "kutub". Ile "ki" ni sehemu ya shina, haina uhusiano wowote na umoja. Wazee wetu walipolipokea neno wakasikia ki-, wakaona kitu kimoja kimeshikwa mkononi, basi viwili vikawa vitabu. Kiberiti nacho kilipita njia hiyohiyo: "kibrit" ya Kiarabu, leo tunasema viberiti. (Ule wingi wa Kiarabu haukupotea kabisa: umo ndani ya mkutubi wa maktaba.) Kipilefti kimefuata nyayo za kitabu hatua kwa hatua. Tofauti yao ni umri tu, na sioni kwa nini umri uwe hoja.

Digadi nililijua kwa fundi baiskeli nilipokuwa mdogo. Alikuwa ameigeuza baiskeli yetu magurudumu juu, akapitisha kidole kwenye bati lililopinda, akasema, "Digadi la mbele limeliwa na kutu, la nyuma bado zima." Neno lilianza kwa Kiingereza, "mudguard", kile kikinga matope cha gurudumu, likaingia kwetu kama "madigadi". Kwa kuwa baiskeli inavyo viwili na gari vinne, "ma" yake ikaonekana ni ile ya mawe na macho, hivyo kimoja kikabaki digadi. Yule fundi hakuwa anaharibu lugha. Alikuwa anaisema kwa ufasaha, na "li" zake zote zilikaa mahali pake.

Sasa hapa ndipo jambo linaponipendeza zaidi, na nimelifikiria kwa miaka. Kama sauti peke yake ingetosha, mbona mashine haikuwa "shine" moja, "mashine" nyingi? Mbona waziri hakuwa "mziri", na wakili "mkili"? Mahakama, maktaba, maskini, yote yanaanza na ma- na hakuna aliyeyakata kichwa.

Ninavyoona mimi, neno hupewa ngeli kwa sauti pale tu hali ya kitu chenyewe inapokubaliana na ile sauti. Wazungumzaji walipolisikia "waziri" walikuwa wanamtazama mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kuwa wa-, basi wingi ukatafutiwa pengine: mawaziri. Mashine ni moja, inanguruma mbele yako, ma- ya wingi haina pa kushika. Lakini "mu'allim" wa Kiarabu alikuwa mtu mmoja na alianza na sauti ya m-, vikapatana, tukapata mwalimu na walimu. Angalia na madini: kwa Kiarabu "ma'din" ni umoja, ila kwa kuwa sisi tunayaona kwa mafungu na aina nyingi, tunasema madini haya, madini mengi. Na msumari! Kwa Kiarabu ni "mismar", mmoja. Sisi tulipoona mmoja tukasema msumari, wengi misumari, kana kwamba neno lilizaliwa kwetu.

Ukilitazama hivyo, binti yangu alikuwa sahihi kuliko nilivyotaka kukubali. Chupa imejaa, vi- imetimia. Kiganjani kipo kimoja, ki- imetimia.

Nikiri kwamba kilo inanisumbua. Inaanza na ki-, na kilo ni moja, ila tunasema kilo mbili, kilo tatu, hakuna "vilo". Jibu langu ni kwamba maneno ya vipimo tunayasikia yakiwa na hesabu nyuma yake kuliko yakiwa peke yake, kwa hiyo ile "moja" haikupata nafasi ya kuzoeleka. Malaika naye ana kisa chake: kwa Kiarabu neno hilo ni wingi, sisi tukamfanya mmoja, malaika huyu, na bado hatukuiondoa "ma".

Kuhusu kazini nitasema kwa ufupi maana bado inaniuma. Mwandishi kijana aliwahi kuniletea makala kuhusu wanamuziki, ndani ameandika "miziki" karibu kila ukurasa. Nikaikata yote kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni kwamba muziki hauna wingi. Lakini neno hilo lililoanzia kwa Wagiriki lilipofika kwetu likiwa na "mu", tukasema muziki huu, unapendeza, na anayesema muziki huu ameshafungua mlango wa miziki hii. Alikuwa anazungumzia mitindo kadhaa tofauti, na wingi aliuhitaji kweli. Leo nisingeikata. Ningemuuliza tu kama anamaanisha nyimbo au mitindo, kwa sababu hilo ndilo msomaji angetaka kujua.

Kwa hiyo mwanao usimkatishe. Wewe endelea kusema "video hii, video hizi" mbele yake, kwa sauti ya kawaida, bila kumrudisha nyuma aseme upya. Atasikia kwamba watu wanasema hivyo. Anachokifanya sasa ni kazi kubwa, na ukimkemea atadhani kosa liko kwenye ile akili yake ya kupanga maneno, wakati hiyo ndiyo itakayomsaidia kusema maneno elfu nyingine ambayo hujamfundisha.

Wangu sasa anasema "vitamini hii" kama wenzake. Kitamini kilimtoka chenyewe kabla hajafika darasa la pili. Sikumbuki ilikuwa lini alipokisema mara ya mwisho, na nasikitika sikuiandika tarehe.