Mnunuzi wa nje anauliza mti ulikatwa wapi

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina karakana ya samani, tuko mafundi 9. Nimepata mnunuzi wa meza katika Umoja wa Ulaya, ila kabla ya kutoa oda ametuma dodoso la kurasa 11 kuhusu uendelevu: umeme, taka, mishahara, hadi shamba ulikokatwa mti. Rafiki yangu anasema nimlipe mtaalamu aniandikie sera ya mazingira. Nilipe?
Fundi Meza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilipe kwanza. Sera iliyoandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga karakana yako mnunuzi mzoefu huitambua mapema, naye anatafuta kitu cha kuhakiki. Toa bili za umeme za miezi 12, na kando ya uniti za kila mwezi andika idadi ya meza mlizotengeneza. Anayekuja kuzoa maranda asaini daftari. Pale penye jambo usilolifanya, jaza “bado”. Vyeti navyo vina bei, kwa hiyo muulize anataka kipi kabla hujakimbilia chochote.

Swali la shamba ndilo zito, wala si umbeya wake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inagusa mbao na samani zake, na inataka mahali mti ulipokatwa paonyeshwe kwa latitudo na longitudo. Pakiwa ni msitu uliofyekwa kuwa shamba baada ya 31 Desemba 2020, mzigo hauingii. Yeye atazipata wapi namba hizo kama si kwako? Hapa udogo unakubeba. Wauzaji wako wa mbao nadhani hawazidi watano. Fuatana na kila mmoja hadi kwenye visiki, simama hapo na simu, nakili namba. Mwenye kiwanda kinachochanganya magogo ya watu mia hana njia nyepesi hivyo. Mbao za dalali asiyejua zilikotoka zisiingie kwenye oda hii hata moja.

Halafu kuna kitu ambacho huenda dodoso halikuuliza: paleti. Zamani nilipeleka vikapu nje, nikavipanga juu ya paleti nilizozigongea mwenyewe kwa mabaki ya mbao, nikijisifu kwamba situpi kitu. Vikapu havikuwa na kosa. Paleti hazikuwa na chapa! Mbao za kufungia mizigo ya kimataifa sharti ziuliwe wadudu. Njia iliyozoeleka ni kuzipasha joto mpaka kiini kifike nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha zinapigwa chapa yenye suke la ngano na herufi HT. Mzigo wangu ulilala bandarini wiki tatu, na ada ya kuhifadhi ikala faida yote. Anayepiga chapa hiyo ni aliyeidhinishwa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, si wewe wala fundi wako. Mtafute kabla meza ya kwanza haijapigwa vanishi.