Mwanangu, juu ya yule mtu wa Mir

Mwanangu,

Sauti uliyotuma jana nimeisikiliza mara mbili, mtandao ulikuwa unakatakata. Unauliza kitu gani ni kigumu zaidi kwa wale wanaokaa angani, wewe unadhani ni kulala umejifunga kwenye ukuta usielee, ao kunywa maji yaliyochujwa kutoka mikojo yao wenyewe. Hayo mtu anazoea. Hapa Katuba, Lubumbashi, maji inakuja saa nane za usiku, si tunaamka kukinga?

Mimi nakuambiaga kila siku, kwenda si kazi, kazi ni kurudi.

Angalia yule Sergei Krikalev, mwanaanga wa Umoja wa Kisovieti. Aliruka Mei 1991 kwenda Mir, kituo chao cha angani, ameacha mke na binti bado mdogo, alijua ni miezi kama tano tu. Huku chini nchi ikaanza kuvunjika, nafasi ya mtu wa kumbadilisha wakampa Mkazakhstani ambaye hakuwa wa kubaki kule, wakamwomba yeye aendelee, akakubali. Kushuka ni Machi 1992, siku 311 zimepita, Umoja wa Kisovieti haupo tena, mji wake Leningrad unaitwa Saint Petersburg, hata pale alipotua, Kazakhstan, imekuwa nchi ya wengine. Na miguu haimbebi, ikabidi wamshike, ingawa kule juu walikuwa wanafanya mazoezi kila siku, maana mtu akielea mifupa na misuli vinalegea.

Watu wanaicheka ile hadithi. Mimi siichekake.

1997 nilipanda gari ya moshi na mafuko ya chumvi kwenda Kananga, tantine wako nilimwambia wiki mbili. Vita ikatukuta kule. Mkoa na nchi vilibadilishwa majina, niliondoka Shaba nikarudi Katanga, niliondoka Zaire nikarudi Congo. Pesa nilinunulia mahindi, maana noti za zamani za Kasai kuzirudisha huku ilikuwa bure, kule walikataa zile mpya toka 1993, na mahindi yenyewe yameota ukungu njiani. Lakini hayo si kitu. Nilifika nikakukuta unakula bukari, mashavu yote unga, nikakuita jina, ukanitazama kama polisi ameingia, ukakimbia kujificha kwenye liputa, kitenge cha tantine. Na yeye ndiye unamwita mama! Alikusukuma kwangu, ukalia mpaka ukatapika. Anaisimuliaga kwenye kila ndoa, watu wanakufa na kicheko, mimi najifanya natafuta sahani.

Sawa, utasema Krikalev mwenyewe alirudi tena angani, na ni kweli, mwaka 2000 alikuwa kati ya watu watatu wa kwanza kukaa kwenye kituo cha angani cha kimataifa, basi labda mimi ndiye mkaidi. Hata mimi si nilipanda tena ile gari? Ada yako ya shule ilitoka wapi? Lakini bado nasema, kwenda si kazi.

Mkataba wa Kanada hukuniuliza. Papa yako ndiye ameniambia, na amenikataza kusema kitu, basi sisemi enda, sisemi baki, ingawa ulimi unaniwasha na mjukuu wangu ndio kwanza anajaribu kusimama. Nauliza tu, tarehe ya kurudi imeandikwa, ao wameandika kwamba inaweza kuongezwa? Piga picha ule ukurasa unitumie leo, kesho simu inaweza kukosa moto wa betri.

Mama