Kijana niliyemnyima marahaba

Swali lenu la wiki hii: nani aliwashika mkono familia ilipopatwa na mtihani? Wengi watataja ndugu. Mimi namtaja kijana ambaye kwa miezi minane sikuitikia shikamoo yake.

Mwanangu alikuwa na miaka 22, anacheza ndondo hapa Tanga. Jumapili moja aliruka kupiga kichwa krosi, akagongana na golikipa, akaangukia utosi. Rafiki yake, wamecheza pamoja tangu shule ya msingi, akamkimbilia. Akamshika kwapani, mwenzake akashika miguu, wakampakia kwenye bajaji huku kichwa kinaning'inia. Walimbeba kwa mapenzi. Lakini aliyeumia shingo hanyanyuliwi hivyo: anaachwa alivyolala, kichwa kinashikwa kisitikisike, mpaka upatikane ubao na watu wa kumwinua kwa pamoja. Nani aliwahi kuwafundisha vijana wetu hilo?

Muhimbili, kwenye taasisi ya mifupa, tukaambiwa shingo imevunjika kwenye pingili ya sita na uti umebanwa. Nikamuuliza daktari, ni kuanguka au ni kubebwa? Akasema hakuna awezaye kujua, mara nyingi uti huumia palepale mtu anapoanguka. Sikutaka kusikia. Nilishapata wa kumlaumu.

Nyumbani, baba yake alivunja kizingiti na kumwaga zege ili kiti cha magurudumu kipite. Mimi nikabaki na usiku. Mtoto hana hisia chini ya kifua, na ngozi ikilaliwa muda mrefu inaoza hujajua, kwa hiyo anageuzwa kila baada ya masaa 2. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mwezi wa pili nilikuwa nasinzia nimesimama jikoni. Yule kijana alikuja kila jioni. "Shikamoo mama." Nampita. Mume wangu akampa zamu ya saa nane bila kuniuliza. Nilinuna wiki nzima, lakini nililala.

Mchana nilikuwa namchua vidole kwa mafuta ya nazi, nikivinyoosha vikae kama zamani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza yule kijana, naye akamwambia mume wangu nisikie: visinyooshwe hivyo. Mwanangu bado anaweza kuinua kifundo cha mkono, na akikiinua, kano zinavuta vidole vinajifunga vyenyewe. Zikilegea, mkono hautashika kitu tena. Siku moja nikaona kwa macho yangu. Mkono uliinuka, vidole vikajikunja taratibu kama kifauwongo kilichoguswa, kikombe cha plastiki kikanyanyuka mezani. Nusu ya chai ilimwagika. Nusu nyingine aliinywa mwenyewe.

Halafu ukaja usiku ule. Mwanangu analia kichwa kinapasuka, uso unachuruzika jasho. Mimi nasema malaria, natafuta dawa. Kijana akamwinua akae, akamshusha miguu, akaufuata mpira wa mkojo kwa kidole kutoka kwenye mfuko hadi ulipojikunja chini ya paja. Akaunyoosha. Mkojo ukashuka kwa kasi, na baada ya dakika chache maumivu yakapungua. Kibofu kilikuwa kimejaa, na mwili usioweza kusema ulikuwa unapandisha presha, presha ambayo ingeweza kumuua.

Asubuhi aliniamkia, nikaitikia marahaba, sauti ikakwama. Akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, mimi ndiye niliyembeba."

"Najua, baba. Ndiye uliyemkimbilia."

Sisemi mambo yamekuwa mepesi. Kuna siku mwanangu hataki kuonana na mtu, na mimi bado sijaweza kupita karibu na kile kiwanja.

Mwezi ujao kijana wangu huyo wa pili anaoa, na msimamizi wake ni mwanangu. Fundi alikuja kumpima suti akiwa kwenye kiti. Suruali ya mtu wa kukaa lazima ipande juu zaidi kiunoni nyuma, na mifuko ya nyuma haitakiwi kabisa, mshono wake unachimba ngozi. Fundi akasema suti bila mifuko ya nyuma haijakamilika. Tulimkatalia kwa sauti moja: mimi, mwanangu na bwana harusi.