Siku mbili Huelgoat na watoto

Ndugu, kwa siku mbili na watoto wa miaka 6 na 9 huko Huelgoat, mji mdogo wa Brittany, Ufaransa, anzeni na msitu asubuhi, kutokea pale maji ya ziwa yanapomwagikia kwenye mawe. Humo mna Roche Tremblante, jiwe kubwa lenye uzito wa tani 137 hivi, lakini hutikisika: egemeza mgongo penye kona yake, sukuma taratibu, achia, sukuma tena kwa mdundo uleule. Nguvu za ghafla hazisaidii.

Grotte du Diable, pango la msituni humo, hushukwa kwa ngazi ya chuma. Granaiti yenye ukoga huteleza sana ikilowa, kwa hiyo vaeni viatu vyenye soli ya meno. Mvua ikinyesha, liacheni pango kabisa.

Kesho yake, nendeni kwa gari hadi Mont Saint-Michel de Brasparts, kilima cha mita 380 hivi. Bebeni makoti hata Julai, upepo ni mkali. Kwenye kinamasi cha Yeun Elez msiache njia, mguu huzama. Dharura: 112.