Nywele kunyonyoka ukiwa kwenye sindano ya kupunguza uzito: yaliyonikuta mimi

Dada, pole sana. Umesema uko mwezi wa nne kwenye sindano ya semaglutidi, umepungua kilo 13, na sasa kila ukioga nywele zinaziba tundu la maji. Unauliza uache sindano au ununue vidonge vya nywele. Nimepita hapo hapo. La kuacha nusura nilifanye, la vidonge nililifanya kabisa, na nitakueleza lilivyonitokea puani.

Kwangu ilianza wiki ya 14. Nguo zinanipwaya, watu wananisifu, mimi mwenyewe najiona nimepata. Asubuhi moja nachana nywele, chanuo likajaa. Nikalilaumu chanuo. Kesho yake zikawa kwenye mto wa kulalia, kesho kutwa kwenye kola ya shati. Nikaanza kuzihesabu juu ya taulo jeupe, kazi ambayo sikushauri uianze, maana nilipofika 200 nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikalia. Mtu mzima hupoteza 50 hadi 100 kwa siku bila hata kujua, ila hilo huwezi kujiambia ukiwa umezishika mkononi.

Nilikuwa nimetoka kupandishwa dozi hadi miligramu 1.7 wiki moja tu kabla, kwa hiyo nikaona mchawi ni hiyo dozi. Hapo ndipo hesabu inatupiga chenga. Mwili ukishtuka, unywele haudondoki siku hiyo. Unaacha kukua, unaingia mapumzikoni, unakaa kichwani miezi miwili mitatu kama vile hakuna kitu, halafu ndiyo unaachia. Wakati wa kawaida ni kama nywele 1 kati ya 10 zinazopumzika. Ukikata chakula ghafla, zinaingia mapumzikoni nyingi kwa mpigo, na siku ya kutoka nazo zinatoka kwa mpigo. Madaktari wanaiita telojeni efluviamu. Aliyewahi kujifungua akaona nywele zinapukutika mtoto akiwa na miezi mitatu anaijua, na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kupunguza uzito wanaijua zaidi.

Kwa hiyo usiulize wiki hii umefanya nini. Uliza miezi mitatu iliyopita ulikuwa unakula nini. Mimi nilifungua daftari langu la wiki za kwanza: kichefuchefu, chai, biskuti mbili, "leo sina hamu kabisa", na nilikuwa nimeweka alama ya furaha pembeni!

Karatasi za dawa zenyewe hazifichi. Ya Wegovy, ambayo ni semaglutidi, inasema 3% ya watu wazima waliopewa dawa kwenye majaribio waliripoti kupoteza nywele, dhidi ya 1% ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ya Zepbound, sindano nyingine ya kupunguza uzito yenye dawa ya tirzepatidi, inaihusisha moja kwa moja na kupungua uzito, na imetenganisha jinsia: wanawake 7.1%, wanaume 0.5%. Kwa hiyo kaka zetu wanaosema "mbona mimi sijaona kitu" hawadanganyi, ila si wao wanaoulizwa.

Nilienda kwa daktari na nywele zangu kwenye mfuko wa plastiki. Hakucheka. Alichukua chache akaziinua kwenye mwanga, akanionyesha ncha: kinundu cheupe, kidogo kuliko punje ya chumvi. Akasema huo umetoka na shina lake baada ya kumaliza muda wake. Uliokatika hauna kinundu. Kisha akashika fungu la nywele kama 50 kwa vidole, akavuta taratibu, zikaja tisa. Akaniuliza jana nilikula nini. Nikamtajia, nikajitahidi kuirembesha. Akasubiri nimalize, akauliza, "Na juzi?" Hapo sikuwa na cha kusema.

Vipimo vya damu: wingi wa damu ulikuwa sawa, lakini feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, ilikuwa chini. Omba hicho kipimo kwa jina lake, maana damu inaweza kuonekana nzuri huku akiba imekauka. Kipimo cha thairoidi, tezi ya shingoni, ndicho kilichotuchanganya. Kilionyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi. Kumbe nilikuwa nameza vile vidonge vya nywele, vitamini iitwayo biotini, ya mikrogramu 10,000 kila siku bila kumwambia. Biotini nyingi inavuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vya thairoidi vikiwemo, hata kile cha troponini cha kugundua shambulio la moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Nikaiacha siku kadhaa, tukarudia, tezi ikawa nzima. Na usirundike vidonge ovyo: vitamini A au seleniamu ikizidi, yenyewe inanyonyoa nywele.

Sindano sikuacha. Daktari alinirudisha miligramu 1 ili kasi ipungue, akanipigia hesabu ya protini gramu 80 kwa siku kwa uzito wangu. Nilijifunza kuanza na protini kabla tumbo halijajaa, kwa sababu kwenye dawa hii una vijiko kama kumi tu kabla mlango haujafungwa. Akaniandikia vidonge vya chuma pia. Vinafunga choo, na sindano nayo inafunga choo, kwa hiyo kunywa maji na usione aibu kumwambia daktari.

Ukiona upara wa duara, ngozi ya kichwa inauma au inatoa magamba, au nyusi nazo zinaondoka, hiyo si hii ninayoieleza. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Zangu ziliendelea kutoka hadi mwezi wa nane wa sindano, zikapungua polepole, hakukuwa na siku niliyosema leo zimekoma. Mwezi wa tisa nikaona vinywele vifupi vimesimama mbele kwenye paji, nikadhani zimekatika. Nikazitazama kwenye kioo cha kukuza: ncha zake nyembamba, nywele changa. Zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi. Sasa niko mwezi wa 15, zimefika usawa wa nyusi na hazikubali kulala hata nizipake nini.